Sura ya Tano: Washirika wa Mizizi

Mtu asimamaye juu ya kilima cha Buraza, kusini mwa mji wa Gitega, akaitazama nchi ya Kirimiro ilivyotandazwa mbele yake, kilima nyuma ya kilima, migomba ikizizunguka nyumba, mibuni ikiteremka kwa safu kwenye miinuko, maharage na mihogo ikijaza kila kipande cha ardhi kilichosalia, na mikaratusi ikisimama vileleni palipokuwa na miti ya asili hapo zamani, aghalabu hudhani kwamba ameiona nchi yote. Ameona nusu yake tu. Nusu ya pili imo chini ya nyayo zake, katika ule udongo mwekundu wenye uchachu ambao mkulima wa Burundi huulima kwa jembe tangu alfajiri. Na viumbe waikaliao nusu hiyo, ambao wengi wao hawaonekani kwa macho matupu, ndio mada ya sura hii.

Viumbe hao ni kuvu. Hazihesabiwi katika mimea, maana hazina rangi ya kijani wala uwezo wa kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Wala hazihesabiwi katika wanyama, maana hazina kinywa wala tumbo, nazo hula kwa kukiyeyusha chakula nje ya mwili kisha kukifyonza. Mwili wa kuvu ni nyuzi, nyembamba kuliko unywele, zilizosambaa udongoni pande zote. Na uyoga tuuchumao baada ya mvua ni tunda la mwili huo, litokalo kwa muda mfupi ili kutoa spora, ambazo ndizo mbegu zake. Kuvu nyingi hulichomoza tunda lao juu ya ardhi. Nyingine hulificha udongoni maisha yake yote, na miongoni mwa hizo zimo trufi, ambazo matajiri wa Ulaya huzinunua kwa thamani ikaribiayo ile ya vito. Nyingine tena hazina tunda la kuonekana kabisa. Pamoja na ikhtilafu zote hizo, ipo kanuni moja inayozitawala kuvu zishirikianazo na viumbe wengine, nayo msomaji na aishike tangu sasa, kwani kila litakalosemwa katika sura hii limejengwa juu yake: kuvu huishi pale aishipo mwenzi wake, mwenzi akihama huhama naye, na akiangamizwa huangamia.

Kanuni hii ilifahamika kwa sababu ya watu waliotamani chakula cha anasa. Trufi nyeusi ya Périgord katika Ufaransa, ambayo wataalamu huiita Tuber melanosporum, na trufi nyeupe ya Alba katika Italia, Tuber magnatum, zilikuwa zikitafutwa kwa pua za nguruwe na mbwa chini ya mialoni na miti mingine ya misitu ile. Na watu waliojaribu kuzipanda kama viazi walipata hasara. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika jimbo la Vaucluse, mkulima aliyeitwa Joseph Talon aliokota mbegu za mialoni iliyokuwa na trufi chini yake, akazifukia katika shamba lake, na miaka ilipopita akachimbua trufi chini ya miti ile michanga. Talon hakupanda trufi. Alimpanda mwenzi wake, nayo ikamfuata. Baadaye katika karne hiyo hiyo, serikali ya Prussia ilimtaka mtaalamu wa mimea wa Berlin, Albert Bernhard Frank, achunguze njia ya kustawisha trufi katika ufalme ule. Trufi hazikustawi, lakini Frank alipoichunguza mizizi ya miti aliona ncha zake zimevikwa ala ya nyuzi za kuvu, na miti iliyovikwa hivyo ilikuwa na siha njema. Mwaka 1885 akatangaza rai yake kwamba hali ile haikuwa maradhi, kwamba kuvu na mti walikuwa wameingia katika ushirika wa kulishana, kuvu ikiuletea mti maji na chumvi za udongo na mti ukiilipa kuvu kwa chakula kilichotengenezwa na majani. Na ushirika huo akauita mikoriza. Wengi walimpinga. Leo rai ya Frank ni msingi wa elimu ya misitu na ya kilimo duniani kote.

Wasomaji waliokaa Omani na nchi nyingine za Ghuba, ambako jamaa zetu wengi wasemao Kiswahili wana makazi, wanaijua trufi kwa sura nyingine. Waarabu huiita kamaa, na katika Ghuba huitwa pia faga, na katika Sahihi za Bukhari na Muslim imepokewa hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyoihesabu kamaa katika jumla ya manna, na maji yake katika tiba za jicho. Mvua za wasmi, ambazo huanza kiasi cha mwezi wa Oktoba, zikinyesha vizuri, basi miezi michache baadaye mchanga huinuka na kupasuka, na watu hutoka wakaichimbua kamaa kwa vijiti, huku mabedui wakiunasibisha wingi wake na ngurumo za masika yale. Katika jangwa lile hakuna mwaloni. Kamaa za jamii za Terfezia na Tirmania zimejifunga na vichaka vidogo vya Helianthemum, visivyopita magoti ya mtu, na pasipo kichaka hicho mtafutaji hujichosha bure. Mbali zaidi kusini, katika mchanga wa Kalahari uliomo Botswana, Namibia na Afrika Kusini, iko trufi nyingine, ambayo mtaalamu Hennings aliieleza mwaka 1895, na ambayo tangu 2005 imewekwa katika jamii yake yenyewe kwa jina la Kalaharituber pfeilii. Nayo wenyeji huijua kwa ufa mdogo ichorao juu ya mchanga baada ya mvua. Ni watu wa nchi tatu zilizo mbalimbali, wasiopata kuonana, na wote walijifunza jambo lile lile: kwanza tafuta mmea, kisha chimba.

Huenda msomaji akadhani kwamba trufi zote ni za aila moja zilizotawanyika duniani. Sivyo. Uchunguzi wa nasaba zake umedhihirisha kwamba umbo la trufi, yaani tunda la mviringo lililofumbwa na kuzikwa, limezuka zaidi ya mara 100, kila mara kutoka katika kuvu zilizokuwa na matunda ya wazi juu ya ardhi. Jamii ya Tuber ni ya nchi za kaskazini ya dunia, na haina mwenyeji wa asili katika Afrika iliyo kusini ya Sahara. Jamii ya Hysterangium ni karibu na uyoga unukao uvundo na kukaliwa na mainzi. Jamii ya Rhizopogon ni ndugu wa uyoga mnene uotao chini ya misonobari. Na jamii ya Elaphomyces, ambayo mtu angeiona ni kokwa tu la udongo, ina udugu na ule ukungu wa Penicillium uliowapa waganga dawa ya penisilini. Kwa hiyo anayesema trufi hasemi ukoo. Asema namna ya kuishi, ambayo koo nyingi zilizo mbali mbali ziliichagua kila moja kwa wakati wake.

Kwa nini ziichague? Chini ya ardhi kuna unyevu wakati juu kumekauka, na tunda laini likingwalo na udongo halikaushwi na jua wala upepo kabla halijakomaa. Lakini faida hiyo ina gharama, maana tunda lililozikwa haliwezi kuupa upepo spora zake, na likikaa hapo litaoza na uzazi wake ukatike. Ndipo trufi ikawa na harufu. Ikikomaa hutoa mvuke wenye salfa na vitu vingine vikali, ambao hupenya udongo na kuwaita wanyama. Mnyama huchimba, hula, huenda zake, na mahali atakapokunya huziacha spora zikiwa hai, tayari kuufuata mzizi mwingine. Basi ushirika ambao ulikuwa wa wawili huwa wa watatu: kuvu, mti na mnyama. Mfano bora kwa nchi zetu umo katika misitu ya Kongo. Mwaka 2020 wataalamu waliieleza aina mpya ya trufi kutoka hifadhi ya Kokolopori, wakaipa jina la Hysterangium bonobo kwa sababu bonobo wa msitu ule huichimbua na kuila. Lakini Wabongando, wenyeji wa nchi hiyo, walikuwa wakiijua siku nyingi kwa jina la simbokilo, na wakiitumia kuwa chambo katika mitego ya wanyama wadogo. Elimu ya vitabu ilifika baada ya elimu ya mitego, na ni haki kulisema hilo waziwazi, ili mtafiti ajaye Burundi ajue kwamba mwalimu wake wa kwanza ni mtu aliyekulia kilimani.

Tukiuacha msitu mnene wa Kongo na kuja mashariki, twaingia katika nchi ya miyombo, itokayo Angola ikapita Zambia, Zimbabwe na Msumbiji hata Tanzania, na ambayo ukingo wake wa kaskazini huigusa Burundi katika Kumoso upande wa mashariki na katika miteremko ya Rumonge inayoelekea Ziwa Tanganyika. Miyombo, mikusu, na mbambakofi ambao mafundi wa pwani huuchongea milango, ni miti ya mikoriza ya nje, yaani ile aliyoiona Frank, ambayo kuvu huuvika mzizi ala bila kuingia ndani ya chembe zake. Ndiyo sababu mvua za kwanza zikinyesha ardhi ya miyombo hufunikwa na uyoga wa kila rangi, wa manjano wa jamii ya Cantharellus, mwekundu wa Russula, wa maziwa wa Lactarius, mweupe wa Amanita, na wanawake huuchuma na kuuza kwa mafungu kando ya barabara, kama ijulikanavyo Tabora. Katika miyombo hiyo zimo trufi pia: mwaka 2000 wataalamu Giovanni Pacioni na Cathy Sharp waliitangaza jamii mpya kabisa, Mackintoshia, iliyopatikana katika miyombo ya Zimbabwe. Na uyoga wa Burundi wenyewe ulipata mwandishi wake. Mwaka 1994 Mbelgiji Bart Buyck alitoa kitabu juu ya uyoga uliwao wa magharibi mwa Burundi, akakiita kwa neno la Kirundi, Ubwoba. Na mwaka uliofuata yeye na mwanasayansi wa Burundi, Benoît Nzigidahera, wakaandika juu ya maarifa ya wachumaji wa uyoga huo.

Hapa yafaa tuzipime hesabu mbili. Miti na mimea yenye mikoriza ya nje ni kiasi cha aina 6,000 tu kati ya mimea yote ya dunia, lakini kuvu zinazoshirikiana nayo hukadiriwa kufika aina 20,000. Kinyume chake, kiasi cha asilimia 70 ya mimea yote hushirikiana na kuvu za namna nyingine, za mikoriza ya ndani, ambazo aina zake zilizokwisha kupewa majina ni mia chache tu. Kuvu nyingi huwahudumia wenzi wachache, na kuvu chache huwahudumia wenzi wengi. Maana yake kwa nchi ni kubwa: mahali pakikatwa miyombo, jamii nzima za kuvu zilizokuwa na mwenzi mmoja au wawili hubaki bila pa kuishi, bali mahali pakigeuzwa shamba, kuvu za ndani, ambazo hazichagui sana, huendelea kuishi na mazao.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Buraza na vilima jirani vyake. Watu wakaongezeka, msitu ukawa shamba, na tangu zama za utawala wa Wabelgiji vilele vikapandwa mikaratusi, kisha misonobari. Miti hiyo migeni nayo ilitii kanuni yetu. Misonobari iliyopandwa Afrika bila kuvu zake ilidumaa na kugeuka njano, hata wenye vitalu walipoleta udongo kutoka chini ya misonobari iliyokwisha kustawi mahali pengine, ndipo miche ikapata nguvu. Na katika udongo ule zilikuja kuvu kama Rhizopogon, ambayo ni trufi kwa umbo lake. Mikaratusi ilifuatwa na Hydnangium carneum, kijitunda cha waridi kifananacho na trufi, ambacho asili yake ni Australia na ambacho kimefuatana na mti huo hadi nchi nyingi za mbali. Lakini mkaratusi hauwezi kumlea mwenzi wa myombo. Msitu wa kupandwa wa mti mgeni, hata ukiwa mzuri kwa kuni na mbao, haurudishi chini ya ardhi kilichoondoka pamoja na msitu wa asili.

Na sasa tuingie shambani, maana huko ndiko riziki ya Mrundi iliko. Migomba, mibuni, maharage, mihogo, mahindi na mtama vyote ni mimea ya mikoriza ya ndani. Kuvu zake hupenya hata ndani ya chembe za mzizi, zikachipua humo vitawi vidogo mno, na juu ya vitawi hivyo ndipo bidhaa hubadilishwa. Ushirika huu ni mkongwe kuliko miti yote: katika mawe ya Rhynie huko Scotland imeonekana mimea iliyogeuka jiwe tangu miaka ipatayo milioni 407, na ndani yake mna kuvu za namna hii. Udongo wa Kirimiro, mwekundu kwa wingi wa chuma, huishika fosforasi kwa nguvu hata mmea huipata kwa shida. Mzizi humaliza ile iliyo karibu nao, katika upana wa milimita chache, kisha hukaa na njaa ilhali fosforasi nyingine iko hatua ndogo mbele. Nyuzi za kuvu huvuka ule ukanda wa njaa, hufika sentimita kadhaa mbali, na kama utambi unyonyavyo mafuta ya taa huivuta fosforasi hadi mzizini. Kwa kazi hiyo mmea hulipa sehemu ya chakula ulichokitengeneza kwa jua, ikadiriwayo kati ya asilimia 4 na 20. Muhogo, ambao husifiwa kwa kuvumilia ardhi iliyochoka, karibu sifa yake yote ni deni la kuvu hizi. Ukipandwa katika udongo haba wa fosforasi uliochemshwa hata kuvu zikafa, hukua kwa taabu kubwa au haukui kabisa. Yako mazao yasiyoingia katika ushirika huu, kama kabichi na ndugu zake, na mchicha. Nayo yakilimwa peke yake msimu baada ya msimu, kuvu za shamba hupungua kwa kukosa mwenyeji.

Spora za kuvu hizi ni kubwa na nzito, hukomaa gizani katika udongo wa juu, na hazirushwi na upepo kwa wepesi kama za uyoga. Mvua kali inapouchukua udongo wa juu wa mteremko na kuutia mtoni, huchukua pia washirika wa mazao ya mwakani, na hakuna mfuko wa mbolea unaowarudisha. Jembe lipigwalo mara kwa mara hukata nyuzi. Ardhi iachwayo tupu wakati wa kiangazi hukosa mzizi hai wa kuzilisha. Na mbolea ya fosforasi itiwayo kupita kiasi huufanya mmea uupuuze ushirika, kwa kuwa hauuhitaji tena. Kwa hiyo desturi ya wazee wa vilima hivi, ya kuchanganya migomba na maharage na mimea mingine katika shamba moja, na kulitandaza shamba la kahawa kwa nyasi na majani makavu, ni hekima ambayo elimu ya leo imeithibitisha: huuweka mzizi hai ardhini karibu mwaka mzima, na huuzuia udongo usiondoke.

Iko kuvu nyingine ya chini ya ardhi ambayo mwenzi wake hana mizizi wala majani. Katika vichuguu mchwa huilima Termitomyces, jamii iliyopewa jina hilo na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Mchwa hukusanya nyasi na miti iliyokauka, huitafuna, huijenga kuwa masega, na juu ya masega hayo kuvu huota, huyavunja yale magumu ambayo tumbo la mchwa haliyawezi, na kuwa chakula cha jamii nzima. Ukulima huu ulianza hapa hapa Afrika kiasi cha miaka milioni 30 iliyopita, zamani sana kabla mwanadamu hajashika jembe. Mvua zikianza, kuvu hurefusha shina lake kutoka katika sega, hupenya udongo, na kuchanua juu uyoga ambao kila mtoto wa kijijini aujua kwa utamu wake. Na aina moja ya Zambia, Termitomyces titanicus, hufikia kofia ya upana wa mita moja. Kwa mchwa wengi, jamii mpya iliyoanzishwa na kumbikumbi haina kuvu ya urithi. Wafanya kazi wake wa kwanza hutoka wakazitafuta spora nje, na uyoga uliochanua ndio huzitoa. Mwanadamu hajafaulu kuulima uyoga huu bandani. Basi avunjaye kichuguu ili asawazishe shamba huvunja shamba jingine, ambalo hana njia ya kulipanda upya.

Kutoka Gitega ukienda kaskazini na mashariki hata Muyinga, utaikuta Hifadhi ya Taifa ya Ruvubu, iliyowekwa mwaka 1980 kandokando ya mto wa jina hilo, yenye savana, misitu ya mtoni, vichuguu na wanyama wachimbao. Watu wengi huithamini kwa nyati na viboko wake. Mimi naithamini pia kwa kuwa ni mojawapo ya mahali pachache katika nchi ambapo mti, kuvu, mchwa na mnyama wangali pamoja. Na miyombo iliyosalia Kumoso na Rumonge ina thamani hiyo hiyo, kwa maana ndiyo ghala la kuvu ambazo vilima vilivyolimwa haviwezi kuzihifadhi. Siku Warundi watakapotaka kuirudisha miti yao ya asili juu ya vilele, miche pekee haitatosha: itapasa kitalu kitiwe udongo kidogo wa chini ya mti mama, na udongo huo utapatikana kwa sharti kwamba mti mama usiwe umekatwa.

Trufi imeijaza dunia jina lake kwa sababu ya bei, na bei imewafanya watu wengi wadhani kwamba nchi isiyo na trufi ya kuuza haina kitu chini ya ardhi yake. Insafu yatutaka tuzipime kuvu kwa kazi. Nchi yenye watu wengi na ardhi ndogo kama Burundi haina nafasi ya kumdharau hata mtenda kazi mmoja wa shamba, na katika watenda kazi wote wa vilima vya Buraza hakuna walioanza kazi mapema kuliko hawa, wala wenye ujira mdogo kuliko wao. Wanachodai ni vitu vitatu vilivyo katika uwezo wa kila mkulima na kila serikali: udongo usichukuliwe na maji, ardhi isikae bila mzizi hai, na misitu michache iliyosalia isikatwe. Mtoto wa shule afundishwe hayo pamoja na kusoma na kuhesabu, kwa kuwa chakula atakachokula akiwa mtu mzima kinategemea ushirika huo.